Trekta yapiga "tak" na kunyamaza: ninunue stata mpya?

Swali

Shikamoo fundi. Nina trekta, Massey Ferguson 290, niliyoinunua mwaka jana ikiwa imetumika na kupakwa rangi upya. Iko hapa Hindi, Lamu. Tangu mwezi uliopita kuwaka kwake ni taabu. Asubuhi hupiga stata kwa uzito, lakini huwaka. Mchana, nikishalima na kuizima, nikizungusha funguo inapiga "tak" moja, basi. Kama taa zimewashwa, hufifia karibu kuzimika. Nimebadilisha betri, nikabadilisha solenoidi, ile swichi kubwa ya stata, hali ni ile ile. Kaka yangu hugusanisha stata kwa bisibisi: cheche zinatoka, na "tak" ni ile ile. Tukiisukuma inawaka mara moja na inalima bila shida. Kitu kingine, sijui kama kina maana: tukijaribu mara nyingi, ule waya mfupi wa kutoka kwenye betri kwenda kwenye bodi hupata moto hata haushikiki. Fundi wa hapa asema stata imekufa, nitafute mpya. Masika yako mlangoni na kuna watu wamekwisha kunilipa nusu ya kulimiwa. Ninunue?

Mkulima, Hindi

Jibu

Marahaba, mwanangu. Stata usinunue, angalau si wiki hii. Hicho ulichokiita "kitu kingine" ukakiweka mwisho ndicho kilichonifanya nikujibu kwa urefu. Waya haupati moto bure. Umeme unaoendesha stata ni mwingi sana, na popote unapobanwa njiani hugeuka joto pale pale. Trekta yako imeshakuonyesha mahali pa kuanzia: waya wa bodi, yaani ule unaotoka kwenye kichwa cha negativu cha betri kwenda kwenye chuma cha trekta. Betri uliyoitoa na solenoidi uliyoitupa huenda zilikuwa nzima.

Nataka uelewe kwa nini nasema hivyo, maana kila masika yakikaribia wakulima hununua stata, altaneta na betri kwa kukisia, na pesa hizo zilikuwa za mbegu na dizeli.

Injini ya Perkins iliyo kwenye 290 ni ya silinda 4, ujazo wake ni lita 4 na kidogo, na kwa kuwa ni ya dizeli mbano wake ni mkubwa. Ili kuizungusha, stata huvuta ampea 200 hadi 300, na ile nukta ya kwanza kabla haijaanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Taa zako mbili za mbele kwa pamoja hazizidi ampea 10. Sasa chukua muunganisho mmoja mbovu wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma vizuri. Taa zikipitisha ampea 10 hapo, zinapoteza volti 0.1, jicho halioni chochote. Stata ikidai ampea 300 hapo hapo, volti 3 zimepotea. Betri ya volti 12 imebaki na 9 za kugawa, na bado hatujahesabu kwamba betri yenyewe hushuka inapobebeshwa mzigo. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "umeme upo, honi inalia na taa zinawaka, kwa hiyo ni stata". Umeme wa honi hauthibitishi chochote kuhusu umeme wa stata.

Betri nayo hivyo hivyo. Ukiipima imetulia ikasoma 12.6, umejua kwamba ina chaji, hujajua kama ina nguvu. Ni sawa na kumtazama hamali pale gatini Mokowe akiwa amesimama mikono mitupu. Umwekee gunia begani ndipo umjue. Kila kipimo nitakachokueleza hapa chini, isipokuwa kimoja, kinafanywa wakati funguo imezungushwa na stata inadai umeme wake. Kipimo cha trekta iliyonyamaza hakina faida kubwa.

Tusikilize sauti kwanza. Ukizungusha funguo pakawa kimya kabisa na taa hazikutikisika, umeme haukufika kwenye solenoidi hata kidogo. Hapo huchunguzi stata. Unachunguza swichi ya funguo, fiuzi kama ipo, waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi, na swichi ya usalama ya gia. Katika Massey za jamii ya 200 ile gia ya hai na lo, yaani ya kasi na ya polepole, lazima iwe katikati, la sivyo swichi hiyo hukata umeme. Nimeona watu wakifungua nusu ya trekta kwa sababu ya gia hiyo kusogea kidogo tu. Ukisikia "tatatata" ya haraka, solenoidi inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Mara nyingi hiyo ni betri iliyoishiwa chaji au kichwa cha betri kilicholegea. Na "tak" moja kama yako maana yake solenoidi imevuta na kushika, lakini umeme mkubwa uliotakiwa kufuata haukupita wa kutosha.

Ushahidi uliouleta wewe mwenyewe unapunguza kazi sana. Ikisukumwa inawaka mara moja: injini haijakwama, dizeli inafika. Bisibisi imetoa "tak" ile ile: basi swichi ya funguo, swichi ya gia na waya mwembamba hazina lawama, kwa kuwa bisibisi ilikwisha kuziruka zote. Taa zinafifia karibu kuzimika: hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na fundi wenu, kwa heshima zake. Kaboni za stata, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, zikiisha, au sahani za shaba ndani ya solenoidi zikiungua, umeme haupiti kabisa, na taa hubaki zinang'aa huku stata imenyamaza. Taa zikififia, kuna mawili. Ama volti zinapotelea kwenye betri au kwenye nyaya zake nene kabla ya kufika popote, ama stata yenyewe imeshika ndani na inavuta umeme kupita kiasi. Hilo la pili linawezekana, silifichi. Lakini wewe umenitajia waya mmoja mfupi unaounguza mkono, na trekta iliyopakwa rangi upya.

Rangi hiyo ndiyo inayonitia shaka zaidi. Trekta ikitayarishwa kuuzwa, hupuliziwa rangi kila mahali, na sahani ya waya wa bodi, yaani ile ncha yake bapa yenye tundu la boliti, ikarudishwa juu ya rangi na kukazwa. Chuma hakigusi chuma. Umeme unapita kwenye nyuzi za boliti peke yake, na nyuzi zikianza kupata kutu hata njia hiyo inazibika. Kwa macho kila kitu ni kizuri, kimekazwa na kinang'aa. Nenda ukakitazame.

Kabla hujagusa, tuelewane kuhusu usalama, na hapa sina mchezo. Kaka yako asiiguse tena stata kwa bisibisi. Ukigusanisha hivyo unairuka swichi ya gia. Trekta ikiwa kwenye gia itawaka na kuondoka hapo hapo, na yeye amesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakiwemo wazoefu wa miaka. Trekta huwashwa na mtu aliyekaa kitini.

Weka gia zote katikati, vuta handibreki, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Vuta kile kitasa cha kuzimia injini na ukiache kimevutwa. Pampu haitatoa dizeli, kwa hivyo utapiga stata upime bila injini kuwaka. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo mmoja, kisha iache ipoe dakika moja au mbili. Hakuna sigara wala moto karibu na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni nayo hulipuka. Ukifungua nyaya za betri, toa ya negativu kwanza. Ukizirudisha, negativu iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na negativu bado imefungwa, utapata cheche ya kukutoa ngozi. Na vua pete.

Jaribio la kwanza halihitaji mita. Tafuta jampa nene, yaani nyaya za kuazimia umeme wa betri nyingine, zile za malori, si zile nyembamba za rangi rangi zinazouzwa barabarani. Chukua waya wake mmoja tu. Upande mmoja ubane kwenye kichwa cha negativu cha betri, kwenye risasi yenyewe. Upande wa pili ubane kwenye boliti inayoshika stata, au kwenye chuma kitupu cha injini jirani na stata, umekikwangua kwanza mpaka king'ae. Umeuwekea umeme njia ya pili ya kurudi kwenye betri. Mwambie kaka yako akae kitini, akanyage klachi hadi chini, azungushe funguo. Lifanye jaribio hili mchana, trekta imetoka kulima, wakati ule ule inapokataa. Ikizunguka kwa nguvu, kesi imekwisha: ni waya wa bodi au mahali ulipofungwa. Isipobadilika, usikate tamaa, jampa huenda nayo ina vibano vibovu. Twende kwenye mita.

Mita ndogo ya dijitali inatosha. Hata za bei nafuu hupima volti vizuri. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kile kipimo kimoja cha trekta iliyotulia ndicho hiki: washa taa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, pima kwenye vichwa vya betri. 12.6 ni chaji kamili, 12.4 imepungua robo hivi, 12.2 ni nusu, na ikiwa 12.0 au chini usiendelee na lolote mpaka uichaji. Betri mpya uliyoiweka imehangaishwa kwa majaribio mengi. Usishangae ukiikuta nusu.

Halafu vipimo vyenyewe. Kaka yako azungushe funguo, wewe shika ncha za mita kwenye risasi za betri, si kwenye vibano. Zisishuke chini ya 9.6, betri nzuri katika joto letu hubaki juu ya 10. Zikishuka mpaka 7 au 8, ama betri ni dhaifu ama stata inakula kupita kiasi. Zikibaki 11 au 12 na stata haizunguki, betri haina kosa, umeme unazuiwa mahali.

Sasa waya wa bodi. Ncha moja ya mita kwenye risasi ya negativu, nyingine kwenye kiwiliwili cha stata, chuma kitupu. Funguo ikizungushwa, mita isome chini ya 0.3. Watu wengi hapa hushangaa: mbona napima negativu na negativu, si itasoma sufuri? Kama njia ni safi, ndiyo, itakaribia sufuri. Chochote kinachosomeka hapo ni volti zilizopotea njiani. Kwako natarajia 2, 3, hata 5. Ukipata hivyo, usisimame hapo, endelea kuifuata kwa vipande vidogo vidogo, funguo ikizungushwa kila mara. Ncha moja kwenye risasi, nyingine kwenye kibano chake. Kisha kibano na waya pale vinapoungana. Kisha waya na sahani yake ya mwisho. Kisha sahani na boliti, na mwisho boliti na chuma cha bodi kando yake. Kipande kitakachoruka ghafla kutoka 0.05 hadi volti 2 ndicho mgonjwa, na utakuwa umempata bila kufungua hata nati moja.

Upande wa chanya fanya vivyo hivyo: kutoka risasi ya chanya hadi boliti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, isizidi 0.5. Kisha pima kati ya boliti mbili kubwa za solenoidi, ile inayopokea na ile inayoshusha umeme kwenye stata. Ikishika isizidi 0.3. Ikisoma volti zote za betri wakati umesikia "tak", sahani za ndani hazigusani. Solenoidi yako ni mpya, lakini mpya si uthibitisho, ipime tu.

Mkono pia ni kifaa. Baada ya kujaribu mara chache, pitisha kidole kwenye ule waya wa moto kutoka mwanzo hadi mwisho. Joto likiwa limekaa upande mmoja, tuseme kwenye sahani ya bodi, ubaya ni wa muunganisho. Waya wote ukiwa moto sawasawa, waya ni mwembamba au umeoza ndani.

Kuoza ndani ni ugonjwa wetu wa pwani, na hapo nizungumze kidogo. Upepo wa kaskazi ukivuma miezi ile, hewa yote ya Lamu na Malindi ina chumvi na unyevu. Wanaofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni wanalijua hili kuliko mimi. Chumvi hiyo, pamoja na mvuke wa asidi wa betri, huingia kwenye ncha ya waya iliyo wazi na kupanda ndani chini ya plastiki, ambako huoni. Kunja waya kwa mikono miwili, karibu na kibano. Waya mzima hukunjika kimya na kwa ulaini. Waya ulioliwa ni mgumu, na utausikia ukichakarika ndani. Ukipasua plastiki kwa kisu urefu wa nchi moja, nyuzi za shaba zinapaswa kuwa nyekundu na zenye kung'aa. Zikiwa nyeusi, au zimeshika unga wa kijani unaobaki vidoleni, usizisafishe. Waya huo utoe.

Ukinunua mwingine, kuwa macho. Kuna nyaya nene kwa nje ambazo plastiki ndiyo iliyo nyingi, na kuna nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba. Ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, na mahali petu penye chumvi huoza upesi. Tafuta shaba halisi ya milimita mraba 50 au zaidi. Mita moja ya waya huo ikipitisha ampea 300 hupoteza kama volti 0.1 tu, ya milimita mraba 16 hupoteza 0.3 kwa kila mita. Waya wa mashine ya kuchomelea hufaa sana, ni shaba ya nyuzi nyingi nyembamba na hukunjika vizuri. Sahani za mwisho zibanwe kwa mashine ya kubania, si kugongwa kwa nyundo, na ule mwanya unaobaki kati ya plastiki na sahani uzibe usiingie unyevu. Vile vibano vya betri vya muda, vyenye kipande cha chuma na skurubu mbili juu, sivipendi hata kidogo kwenye trekta; ni vya kukufikisha nyumbani.

Kusafisha mahali pa bodi ni kazi ya saa moja, na ifanywe kwa moyo. Fungua boliti. Kwangua rangi yote chini ya sahani, upana kuliko sahani yenyewe, mpaka chuma cheupe. Tumia msasa au tupa. Safisha sahani pande zote mbili. Badilisha boliti na washa zake kama zina kutu. Kwenye betri, mwagia vichwa maji ya moto yenye magadi, yatachemka povu na kula asidi iliyokauka, lakini hakikisha vifuniko vimefungwa yasiingie ndani. Kisha suuza kwa maji safi na ukaushe. Ndani ya vibano kwangua mpaka ung'avu wa risasi uonekane. Kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu ya kila kitu kuzuia hewa ya chumvi. Ningekuwa wewe ningeongeza waya wa pili wa bodi, kutoka negativu ya betri moja kwa moja hadi boliti ya stata. Ni gharama ndogo, nao hutauondoa tena.

Sasa uliloniuliza bila kuliuliza: mbona asubuhi inawaka na mchana inakataa? Wengi wetu huisingizia betri, ati imechoshwa na jua. Kweli joto hufupisha maisha ya betri, lakini siku hiyo hiyo betri yenye joto husukuma umeme vizuri kuliko iliyo baridi. Wakulima wa bara kule kwenye baridi ndio husumbuka alfajiri. Mashine inayokataa ikiwa moto, hapa pwani, ubovu wake nautafuta kwanza kwenye shaba. Ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Stata imekaa ubavuni mwa injini. Ukizima baada ya kulima, feni imesimama, na joto lote la bloku linahamia kwenye stata na nyaya zilizo karibu. Muunganisho uliokuwa ukipita kwa shida saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana haupiti. Ule uzito uliouona asubuhi ulikuwa ni ugonjwa huu huu, haujakomaa.

Kuna sababu nyingine moja inayofuata mtindo huo huo wa mchana, nayo ni bushi za stata, zile pete zinazoshikilia rota, yaani sehemu inayozunguka ndani yake. Zikilika, rota hushuka na kuanza kukwaruza vyuma vinavyoshika koili za pembeni, na joto huongeza kukwama huko. Dalili yake ni hii: vipimo vyote vya nyaya viko ndani ya kiasi, betri ni nzima na ina chaji, hata hivyo inashuka chini ya 9 na stata inanguruma au inazunguka kizito. Hapo nitakubaliana na fundi wenu kwamba stata ndiyo, lakini bado sitakwambia ununue mpya. Itoeni, aifungue mbele yako. Bushi na kaboni ni vipuri vya bei ndogo, na fundi wa umeme wa magari Malindi au Mpeketoni huvibadilisha. Aitazame pia rota kama ina alama za kukwaruza, na meno ya flaiwili kupitia tundu la stata kabla hajairudisha. Stata mpya ni pale rota imeungua au koili zimekatika, na hilo mwambie akuonyeshe ulione kwa macho yako.

Trekta ikishawaka, kazi haijaisha, maana waya wa bodi uliokuwa ukizuia stata ulikuwa pia ukizuia chaji kurudi kwenye betri. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, pima kwenye risasi za betri: 13.8 hadi 14.4. Ikiwa chini ya 13, betri yako mpya itakufa kama ile ya kwanza, na hapo tutazame altaneta, mkanda wake, na ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Taa hiyo iwake ukifungua funguo na izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, badilisha balbu kwanza, kwani altaneta nyingi huanza kuchaji kwa umeme unaopitia kwenye balbu hiyo. Betri ikipungua maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Ya kisima usiyatie asilani, visima vyetu vingi vina chumvi na huua sahani za ndani.

Anza na jampa kesho mchana. Ikifaulu, saa moja ya msasa na waya mmoja mpya zitakurudisha shambani kabla ya mvua. Isipofaulu, niandikie namba hizi nne, zote zikiwa zimepimwa funguo ikizungushwa na trekta ikiwa moto: volti za betri, risasi ya negativu hadi kiwiliwili cha stata, risasi ya chanya hadi boliti ya stata, na zile kati ya boliti mbili za solenoidi. Niambie pia waya ule ulikuwa moto upande gani. Kwa hizo nitaweza kukuambia kilipo kipande kibovu kabla hujamlipa mtu yeyote.